Mgeni na Jembe: Uhakiki wa Malumbano ya Mashabiki wa Kandanda

Utangulizi

Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imekwisha kupata wachunguzi wengi. Methali zimekusanywa na kuainishwa, vitendawili vimefasiriwa, na nyimbo za harusi, za jando na za mavuno zimeandikwa kabla wenye kuzijua hawajafariki. Hata hivyo iko sanaa moja ya maneno itendekayo hadharani kila wiki, yenye fanani na hadhira, yenye kanuni zake na mabingwa wake, ambayo wahakiki wameipita kando kana kwamba ni kelele za njiani. Sanaa hiyo ni malumbano ya mashabiki wa kandanda pindi timu yao iwapo taabani: nani apangwe na nani aachwe, kocha abaki au aende, viongozi wang'atuke au wapewe muda.

Makala hii inakusudia kuyahakiki malumbano hayo kama ambavyo ngonjera au mashairi ya kujibizana yangehakikiwa, yaani kwa kuchunguza kwanza fani yake, pili maudhui yake, na mwisho uhusiano uliopo kati ya mambo hayo mawili na maisha ya wale wanaolumbana. Hoja kuu ni kwamba malumbano haya ni sanaa iliyokomaa, lakini fani yake yenyewe humwelekeza mlumbi kwa mtu mmoja, naye ni kocha. Kwa sababu hiyo mashabiki wamekuwa wakishinda mabishano huku wakishindwa katika jambo lile lile wanalolipigania.

Mfano utakaotumika ni wa klabu ya AFC Leopards ya Nairobi. Ungeweza kutumika mfano mwingine, kwa kuwa ugonjwa huu hauna klabu moja. Lakini mashabiki wa Leopards wamekuwa na muda mrefu kuliko wengi wa kulalamika, na muda mrefu wa kulalamika hunoa ulimi.

Timu na jina lake

Klabu hii iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu za jamii mbalimbali za Waluhya, ikachukua jina la Abaluhya. Miongoni mwa wachezaji wake wa mwanzo alikuwamo Joe Kadenge, ambaye jina lake liliingia katika lugha ya kila siku kwa msemo "Kadenge na mpira", ulioenezwa na redio hata ukawa unatumiwa na watu wasiowahi kuingia uwanjani. Mwaka 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe katika vyama na klabu, timu ilianza kuitwa AFC Leopards. Mashabiki waliendelea kuiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Jina la kabila likawa limetoka katika madaftari ya serikali, lakini neno la Kiluhya likabaki midomoni mwa watu.

Jambo hili la majina si dogo kwa mhakiki. Laonyesha kwamba tangu mwanzo timu hii ilikuwa na miliki mbili: ile ya karatasi, ambayo yaweza kubadilishwa kwa amri, na ile ya maneno, ambayo ni ya mashabiki na haibadiliki kwa urahisi. Malumbano yote yatakayozungumzwa hapa yamo ndani ya miliki hiyo ya pili. Je, miliki ya maneno ina nguvu gani juu ya miliki ya karatasi? Swali hili litarudi mwishoni.

Baada ya kubadilishwa jina, klabu ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984. Ubingwa wa ligi ya Kenya iliutwaa mara nyingi, na mwaka 1998 ikautwaa tena. Kisha ikapita robo karne nzima bila ubingwa huo kurudi. Katikati ya miaka ya 2000 klabu ilishuka daraja. Ikarejea katika ligi kuu mwaka 2009, ikajifariji kwa kutwaa kombe la mtoano mwaka 2013 na mwaka 2017. Hasimu wake, Gor Mahia, nayo ilipita katika jangwa kama hilo tangu mwaka 1995, lakini mwaka 2013 ikatoka, ikawa bingwa kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa shabiki wa Leopards kiu yake ilikuwa taabu moja, na kumwona jirani akinywa ikawa taabu ya pili.

Jukwaa, fanani na hadhira

Malumbano ya mashabiki yana jukwaa lake. Huanzia uwanjani, na kwa klabu hii uwanja wenye kumbukumbu nyingi zaidi ni ule wa City, kando ya barabara ya Jogoo, ambao baadaye ulipewa jina la Kadenge. Timu ikishinda, watu hutoka wakicheza ngoma ya isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Timu ikishindwa, ngoma hunyamaza na maneno huchukua nafasi yake. Kutoka hapo malumbano huingia Kaloleni na Makongeni, hupanda matatu, hukaa katika vibanda vya chai, na Jumatatu huamkia kazini pamoja na wenyewe.

Katika hadithi, fanani ni mmoja na hadhira humwitikia. Katika malumbano ya mashabiki kila mtu ni fanani kwa zamu, na zamu hiyo haigawiwi na mtu. Hupatikana kwa sauti, kwa kumbukumbu, au kwa umri. Mzee aliyemwona Kadenge kwa macho yake hana haja ya kupaza sauti. Akitaja mwaka, vijana hunyamaza. Kijana naye ana silaha yake: yeye alikuwapo jana, na mzee alisikiliza redioni. Hivyo kumbukumbu ya mbali hushindana na ushahidi wa karibu, na hadhira ndiyo iamuayo kwa kicheko au kwa kimya ni upi uliozidi.

Lugha itumikayo ni Kiswahili kilichochanganyika na Kiluhya na, kwa vijana, Sheng. Kiluhya huja hasa panapohitajika uchungu au mapenzi. Mchezaji akifunga bao, ni mwana wefwe, mtoto wetu. Akikosa penalti, hurudi kuwa mchezaji, tena kwa Kiswahili.

Fani ya malumbano

Washairi wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, na Muyaka bin Haji alikuwa miongoni mwa waliotetea Mombasa katika vita hivyo vya maneno. Kanuni ya kujibizana huko ilikuwa kwamba anayejibu sharti achukue neno la mwenzake na kuligeuza. Mashabiki hufuata kanuni hiyo hiyo bila ya kufundishwa. Mmoja akisema kocha ni kipofu, mwenziwe hatasema si kipofu. Atasema kipofu yule aliongozwa na vipofu waliomwajiri. Neno halitupwi, hupokewa, hugeuzwa na kurudishwa.

Umbo la jumla la malumbano, hata hivyo, lakaribiana zaidi na ngonjera. Katika ngonjera, kama zilivyoenezwa na Mathias Mnyampala wa Tanzania, watu wawili hubishana, mmoja akiwa hajui na mwingine akiwa ajua, na mwisho hupatana kwa kuwa asiyejua amekwisha kuelimika. Malumbano ya mashabiki pia huishia kwa upatanifu, ingawa huanza kwa ukali. Watu waliotofautiana juu ya beki wa kushoto, juu ya mfumo, juu ya usajili na juu ya refa, hukutana mwishoni katika sentensi moja: kocha aende. Katika ngonjera upatanifu hutokana na elimu iliyopatikana. Katika malumbano haya upatanifu hutokana na uchovu, na kocha ndiye mtu pekee ambaye hakuna ndugu yake kibandani wa kumtetea.

Tamathali itawalayo ni istiari ya gari. Timu ni gari, kocha ni dereva, wachezaji ni injini, na mashabiki ni abiria waliolipa nauli. Istiari hii ni ya watu wanaopanda matatu kila siku, nayo huzaa tamathali nyingine nyingi: dereva anaendesha kwa breki, dereva hajui njia, dereva amepoteza leseni. Uzuri wake ni dhahiri. Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza kile ambacho istiari inakificha. Ndani ya matatu, mwenye gari hayumo. Abiria humgombeza dereva na utingo kwa kuwa hao ndio awaonao. Mwenye gari yuko nyumbani akingoja hesabu ya jioni. Wala abiria hawaulizi kama mafuta yamo mpaka gari lizimike. Istiari iliyochaguliwa kwa kuwa ni rahisi imekwisha kuamua, kabla ya hoja yoyote kutolewa, ni nani wa kulaumiwa.

Sarufi nayo ina neno la kusema. Timu ikishinda, nafsi ni ya kwanza wingi: tumewafunga, tumechukua kombe. Ikishindwa, jioni ile ile watu husema kwa majonzi kwamba tumefungwa. Lakini lawama zianzapo, nafsi hugeuka: wamecheza vibaya, amekosea kupanga, hawasikii. Shabiki hutoka katika "sisi" na kusimama nje akitazama. Mabadiliko haya ya nafsi ndiyo mlango wa kuingilia malumbano. Pasipo kuyafanya, mtu angekuwa anajilaumu mwenyewe.

Baada ya nafsi huja wakati, na wakati wa mashabiki ni wa -nge- na -ngali-. Angalimwingiza winga mapema, tusingalifungwa. Angalimtoa yule mwenye kadi ya manjano, tungalibaki kumi na moja. Hakuna mahali pengine katika mazungumzo ya kila siku ambapo viambishi hivi hutumiwa kwa wingi na kwa ustadi kiasi hiki, hata kwa watu ambao darasani walivihesabu kuwa mzigo. Kwa -ngali- kila shabiki huwa kocha kwa dakika tano, na mechi iliyokwisha hurudiwa na kushindwa tena au kushinda. Ni ulimwengu kamili wa kubuni, wenye wahusika halisi.

Lakini hebu mipaka ya ulimwengu huo itazamwe. Viambishi vya -ngali- huanza kufanya kazi filimbi ya kwanza ilipolia na husimama filimbi ya mwisho ilipolia. Ni nadra kusikia: mweka hazina angalisoma hesabu mbele ya wanachama, wachezaji wasingaligoma. Ni nadra kusikia: mkataba ungaliandikwa vema, klabu isingaliingia deni. Sarufi ingeruhusu. Mazoea ndiyo hayakuruhusu.

Mgeni, mzee na mtoto

Sababu moja ya mazoea hayo ni kwamba klabu hii huzungumzwa kwa lugha ya ukoo. Mechi yake na Gor Mahia huitwa mechi ya mashemeji, kwa kuwa Waluhya na Wajaluo wameoana kwa vizazi vingi. Jina hilo lina hekima. Shemeji hutaniwa, hupigiwa kelele, huchekwa akianguka. Lakini mipaka ya utani yajulikana na kila upande, na kesho kuna harusi au matanga ya kukutana. Pale mipaka hiyo ilipovukwa, kama katika uwanja wa Nyayo mwezi Machi mwaka 2012, mechi ilipokatizwa kwa ghasia baada ya mchezaji wa Gor Mahia kuonyeshwa kadi nyekundu, watu wengi waliona aibu ya aina ya pekee, aibu ya nyumbani.

Lugha ya ukoo, basi, imefanya kazi njema baina ya klabu mbili. Ndani ya klabu moja kazi yake ni tofauti. Mchezaji ni kijana wetu, ni mtoto. Kosa lake ni la utoto, na atakua. Mwenyekiti ni mzee; huitwa mzee hata akiwa na umri wa miaka arobaini, na mzee haulizwi alikoweka fedha mbele ya watoto. Kocha si mtoto wala si mzee. Kocha ni mgeni, na zaidi akiwa ametoka nchi nyingine.

Kiswahili kina methali mbili mashuhuri juu ya mgeni, na zote mbili zaonekana kutungwa kwa ajili ya makocha. Siku ya kuajiriwa, husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hupokewa uwanja wa ndege kwa shada la maua, wasifu wake hukaririwa, na nchi alizofundisha huhesabiwa kama shanga. Baada ya mechi chache za sare, methali ya pili huchukua zamu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shabiki aonaye kocha akihangaika huhisi kwamba muda wa ugeni umekwisha na kwamba sasa alime au aondoke. Mara nyingi huondoka. Akiwa ni mchezaji wa zamani wa klabu aliyepewa ukocha, hupewa siku kadhaa zaidi, kwa kuwa yeye ni nusu mgeni na nusu mtoto; kisha naye hupita njia ile ile.

Yasiyosemwa

Hapa fani yakutana na maudhui. Kati ya mwaka 2018 na mwaka 2019 Leopards ilipita mikononi mwa Rodolfo Zapata wa Argentina, Nikola Kavazović na Marko Vasiljević wa Serbia, na André Casa Mbungo wa Rwanda. Wageni wanne walikabidhiwa shamba moja katika muda ambao mkulima mwenye busara angetazama kwanza kama mvua imenyesha. Kila mmoja alikuja na namna yake ya kupanga kikosi, na kila alipoondoka wachezaji walilazimika kujifunza upya. Ubingwa haukuja.

Katika kipindi hicho hicho yalikuwapo mambo mengine. SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa ikizifadhili Leopards na Gor Mahia, iliondoa ufadhili wake mwaka 2019 katika mgogoro wake na serikali juu ya leseni na kodi. Klabu zote mbili zikabaki na mishahara ya kulipa na hazina tupu. Casa Mbungo, ambaye matokeo yake yalikuwa yamewaridhisha wengi, aliondoka mwishoni mwa mwaka huo kwa kuwa hakuwa akilipwa. Mwaka 2021 Shirikisho la Kandanda la Ulimwengu liliizuia klabu kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe madeni ya waliokuwa watumishi wake. Kocha aliyekuwapo wakati huo alitakiwa kushinda ligi bila ya kuongeza hata mchezaji mmoja.

Mambo haya yakiwekwa kando ya malumbano yaliyokwisha kuelezwa, pengo laonekana. Mgeni wa methali aliombwa alime, lakini jembe ni mali ya mwenyeji. Ikiwa jembe halina mpini, siku ya tatu na siku ya thelathini ni sawa. Malumbano ya mashabiki yana msamiati mpana wa kueleza jinsi mgeni alivyoshika jembe vibaya, na maneno machache sana ya kuuliza mpini uko wapi.

Haifai kudhaniwa kwamba mashabiki hawakujua. Walijua, tena walitenda. Ufadhili ulipokatika walichangishana fedha, shilingi mia hapa na mia mbili pale, ili wachezaji wapate nauli na chakula. Katika kitendo hicho mna nguvu kubwa kuliko katika malumbano ya mwaka mzima. Lakini hata hapo lugha ya ukoo ilifanya kazi yake: fedha zilitolewa kama mchango wa matanga au wa harusi, na mchango wa namna hiyo hauna risiti. Aliyechanga hakujihesabu kuwa mwenye haki ya kuuliza hesabu. Alikuwa amesaidia nyumbani.

Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa, kwanza, kwamba kocha naye hukosea. Ni kweli. Wako makocha waliopanga vikosi visivyoeleweka, waliogombana na wachezaji bora, na waliokuja kwa wasifu uliokuwa mzuri kuliko kazi yao. Makala hii haikusudii kumtakasa kocha. Inasema tu kwamba hukumu iliyo moja kwa kila kosa haiwezi kuwa imetokana na ushahidi. Daktari atoaye dawa moja kwa kila mgonjwa hata akipona mmoja hakumpima.

Pili, yaweza kusemwa kwamba kandanda ni burudani, na kwamba mtu aliyefanya kazi siku sita ana haki ya kumtukana kocha siku ya saba bila ya kutakiwa asome katiba ya klabu. Pingamizi hili lina uzito, na mhakiki asilidharau. Furaha ya -ngali- ni furaha halisi. Lakini mashabiki wenyewe hawaridhiki na burudani. Hutaka kombe. Huandamana, hukaa na mabango, hususia mechi. Mtu atakaye kombe ametoka katika burudani na kuingia katika siasa ya klabu, naye hupaswa kuwa na lugha ya siasa hiyo.

Tena lugha hiyo ipo, na haiko mbali. Huko Dar es Salaam, ambako Young Africans ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, mabishano ya Jangwani na Msimbazi yana maneno ambayo Nairobi husikika kwa nadra kibandani: mwanachama, kadi, mkutano mkuu, katiba. Si kwamba wenzetu hao wana amani zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro ndani ya Young Africans ulipasua klabu na kuzaa Pan African, na mwaka 2017 wanachama wa Simba walibishana vikali kabla ya kukubali mfumo wa hisa. Wala hawaachi kuwafukuza makocha. Lakini mlumbi wa Jangwani asemapo "klabu ni yetu", anaweza kutoa kadi mfukoni. Mlumbi wa Kaloleni asemapo "timu ni yetu", mara nyingi ana jezi tu.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka ofisi ya Msajili wa Michezo, na klabu hutakiwa kuandikishwa zikiwa na katiba na uchaguzi. Kwa maneno mengine, ile miliki ya karatasi iliyotajwa mwanzoni imefunguliwa mlango wake na sheria. Anayeingia katika mlango huo ni mwanachama aliyeandikishwa. Shabiki aliyebaki nje na miliki ya maneno peke yake husikika sana na huhesabiwa kidogo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba malumbano ya mashabiki ni sanaa yenye umbo, tamathali na sarufi yake, na kwamba yastahili kukusanywa na kuhifadhiwa kama zinavyohifadhiwa fani nyingine za fasihi simulizi. Wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaotumwa vijijini kutafuta vitendawili wangeweza pia kutumwa City Stadium siku timu imefungwa, wakiwa na vinasa sauti na subira.

Imeonyeshwa pia kwamba sanaa hii ina upofu wake. Istiari ya gari humficha mwenye gari. Lugha ya ukoo humkinga mzee na kumwacha mgeni. Viambishi vya -ngali- husimama langoni mwa ofisi. Matokeo yake ni kwamba kila msimu shabiki hupewa alichokiomba, yaani kocha mpya, na hunyimwa alichokitaka.

Upofu huu haukutokana na umaskini wa Kiswahili. Lugha iliyotoa methali mbili za mgeni imetoa nyingine mbili ambazo vibanda vya chai vingefaidika nazo. Moja yasema mkubwa ni jaa, yaani aliyekubali kuwa mzee wa nyumba amekubali kutupiwa takataka zote za nyumba, na hana ruhusa ya kuzisukuma kwa mgeni. Ya pili yasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hiyo ni methali ya wafanyabiashara, watu waliojua kwamba undugu na hesabu hukaa vizuri katika duka moja endapo daftari liko wazi juu ya meza.

Siku ambayo mlumbi mmoja wa Kaloleni, baada ya timu kufungwa mabao mawili kwa bila, atasimama na kusema methali hiyo ya daftari kabla ya ile ya jembe, malumbano yatakuwa yamepata hoja mpya. Huenda wenzake wakamcheka kwa kuwa ameleta mambo ya mkutano katika mambo ya mpira. Yatosha mmoja wao achukue neno lake na kuligeuza, kama kanuni ya kujibizana inavyodai, ili daftari liwe limeingia kibandani.